Aliyepona Ana Sifa Gani?

Ipo desturi moja katika mazungumzo yetu ambayo haina budi kuchunguzwa. Mtu akiugua ugonjwa mkali kisha akapona, tunamsifu. Tunasema ni mkakamavu, ana roho ngumu, amepigana na mauti akayashinda. Mwingine akiugua ugonjwa ule ule akafa, hatumsemi waziwazi, maana tumefundishwa kumstahi maiti. Lakini sifa ile tuliyompa aliyepona hubaki imesimama kando ya kaburi kama shtaka. Ikiwa huyu alipona kwa ushujaa, yule alikufa kwa nini?

Swali langu katika insha hii ndilo hilo: aliyepona ana sifa gani? Nitalijadili kwa mfano wa mbwa, na msomaji asidhani kwamba nimekosa heshima kwa wagonjwa. Mbwa ana faida moja kwa mwenye kutafakari. Hana cheo, hana elimu, hana tabia ya kusutwa wala jina la ukoo la kuchafuliwa. Tukimtazama mbwa mgonjwa tunaona yanayotokea mwilini bila kuyachanganya na umbea.

Jirani yangu hapa Morogoro, fundi seremala aliyestaafu kama mimi, anafuga mbwa wa kienyeji wa kulinda nyumba. Jike lake lilizaa watoto 6. Walipofika wiki ya tisa hivi, ugonjwa ukaingia bandani. Mmoja alianza kwa kukataa uji, akajikunja pembeni. Jioni akatapika povu, na kesho yake akaharisha damu yenye harufu ambayo mtu akiinusa mara moja haisahau. Katika siku 5 wakafa 4. Wa tano, dume jeusi, alipelekwa kwa daktari wa mifugo, akatundikiwa dripu, akarudi mifupa mitupu lakini mzima. Wa sita, jike, alinyong'onyea kwa siku moja tu, kisha akaendelea kutafuna kandambili za wajukuu kana kwamba hapakutokea kitu.

Jambo hilo lilizungumzwa barazani. Mzee mmoja akasema, "Huyu jike ni komando. Wale wengine walikuwa legelege tangu kuzaliwa." Wengine wakaitikia. Mjukuu wa fundi, mtoto wa miaka 9, alikuwa ameketi kizingitini akisikiliza. Akauliza, "Babu, kwani wale wanne hawakutaka kupona?" Fundi akamwambia aende akalete chai.

Mtoto yule alikuwa ameuliza kitu cha maana kuliko yote yaliyosemwa pale. Alichukua sifa waliyoitoa wakubwa, akaifuata hadi mwisho wake, akakuta pale mwisho pana lawama kwa wafu. Swali la namna hiyo halijibiwi kwa chai. Linataka tuujue ugonjwa wenyewe.

Madaktari wa mifugo huuita ugonjwa huu pavo, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kitu kidogo. Na kwa hakika kirusi chake ni kidogo mno. Ukivipanga virusi 40,000 kwa mstari mmoja, ndipo utapata urefu wa milimita 1. Pamoja na udogo huo ni kigumu kama kokoto. Huweza kukaa kwenye udongo wa banda kwa miezi mingi, huchukuliwa na soli ya kiatu au gurudumu la baiskeli, na sabuni nyingi za kawaida hazikiui. Dawa ya kufulia yenye klorini, ikichanganywa na maji kwa kipimo na kuachwa ikae, ndiyo hukiweza.

Ugonjwa huu si wa kale. Ulitambuliwa mwaka 1978, ulipolipuka Marekani, Ulaya, Australia na Japani karibu kwa wakati mmoja, na katika muda wa miaka miwili hivi ukawa umezunguka dunia. Kirusi hicho kilikuwa jamaa wa karibu sana wa kile kinachowaua paka kwa ugonjwa uliojulikana tangu zamani. Mabadiliko machache katika umbo lake yalikifungulia mlango wa kuingia katika mwili wa mbwa.

Naomba msomaji asimame kidogo hapa. Katika miaka ile ya kwanza hawakufa watoto wa mbwa peke yao. Walikufa na mbwa wazima, wenye misuli, waliolishwa vizuri, mbwa wa polisi na wa mashamba makubwa. Leo ugonjwa huu huwashika zaidi watoto wa umri kati ya wiki 6 na miezi 6. Je, mbwa wazima wa leo ni mashujaa kuliko wale wa mwaka 1978? La hasha. Mbwa wazima wa leo, au wamechanjwa, au walikutana na kirusi wakiwa wadogo wakaokoka. Miili yao inakumbuka. Wale wa 1978 walikuwa na nguvu zote isipokuwa kumbukumbu, na nguvu zao hazikuwasaidia kitu.

Sasa tuangalie kirusi kinavyofanya kazi. Hakiwezi kuzaliana peke yake. Huhitaji seli ambayo yenyewe iko katika shughuli ya kujigawa, kwa sababu hutumia vyombo vya seli hiyo kujinakilia. Kwa hiyo hutafuta mahali ambapo mwili unajenga kwa kasi. Huingia kwa mdomo, huanzia kwenye tezi za koo, kisha hupanda damu hadi kwenye uboho wa mifupa, ambamo damu hutengenezwa, na kwenye utumbo, ambao bitana lake hufumwa upya kila baada ya siku chache. Hapo hubomoa. Mtoto wa mbwa hushambuliwa pale pale anapokua. Yule anayekua kwa kasi, aliyeachishwa ziwa juzi tu na utumbo wake ukalazimika kujijenga kwa ajili ya chakula kipya, huwa amekitandikia kirusi meza kubwa zaidi. Minyoo nayo huuchokonoa utumbo ukazidi kujifuma, na kirusi hupata nafasi humo humo.

Hapa neno "kupigana" linaanza kutuchenga. Tunasema mwili unapigana, na wapiganaji wake ni chembechembe nyeupe za damu. Lakini pavo huvunja kambi wanakoandikishwa askari kabla ya vita kuanza. Chembechembe nyeupe huporomoka. Wakati huo huo bitana la utumbo limetoboka, na bakteria wa kawaida walioishi humo kwa amani wanaingia katika damu. Mara nyingi mauti huletwa na bakteria hao, wakati hakuna askari wa kuwapokea.

Katika chuo cha mifugo cha Onderstepoort, Afrika Kusini, watafiti walifuatilia watoto wa mbwa 62 wenye pavo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008. Walihesabu chembechembe nyeupe kila siku. Waliona kwamba wale waliopona, chembechembe zao, hasa zile ziitwazo limfosaiti, zilianza kupanda ndani ya saa 24 za kwanza tangu walipopokewa. Wale waliokufa, hesabu yao ilibaki chini. Katika kazi nyingine ya chuo hicho hicho, iliyotolewa mwaka 2007, ilionekana kwamba watoto waliokufa walikuwa na kiasi kikubwa zaidi cha homoni ya kotiso katika damu, ile ambayo mwili huimwaga unapokuwa katika dhiki. Yaani miili ya waliokufa haikulala. Ilikuwa imepiga mbiu ya mgambo kwa nguvu zake zote, kuliko miili ya waliopona.

Mtu akinisomea habari hiyo kisha akaniambia kwamba waliokufa hawakutaka kupona, nitamwomba asome tena.

Kuna jambo jingine ambalo linafaa kuwekwa kando ya hilo. Bakteria wanapoingia katika damu na kumwaga sumu zao, mwili huitikia kwa kuwasha moto wa uvimbe na homa. Moto huo ukiwa wa kiasi huunguza adui. Ukizidi, mishipa hulegea, shinikizo la damu huanguka, na mnyama hufa kwa mshtuko. Kwa hiyo hata ile dhana kwamba mwenye kujibu kwa ukali zaidi ndiye atakayeshinda haisimami. Kinachotakiwa ni jibu la kiasi, linalokuja kwa wakati. Na kiasi hicho, mtoto wa mbwa hakichagui.

Ni nani basi anayekichagua? Tuanze na mama.

Mtoto wa mbwa huzaliwa karibu mtupu wa kinga. Kiasi kidogo cha kingamwili, kama sehemu moja ya kumi, hupitia kwenye kondo akiwa tumboni. Kilichobaki chote hutoka katika maziwa ya kwanza, ambayo wafugaji wetu huyaita dang'a. Na mlango wa kuyapokea huwa wazi kwa muda mfupi sana. Utumbo wa mtoto huruhusu kingamwili nzima nzima kupita kuingia katika damu kwa siku ya kwanza hivi ya maisha. Baada ya hapo hufunga. Aliyenyonya vizuri siku hiyo amepata. Aliyesukumwa pembeni na wenzake, au aliyezaliwa wa mwisho wakati mama amechoka, amekosa, na hatakipata tena hata akinyonya mwezi mzima.

Lugha yetu imelisema hili vizuri. Kukinga ni kuzuia, kama mtu anavyokinga jua kwa mkono. Lakini kukinga ni kupokea pia, kama tunavyokinga maji ya mvua kwa ndoo chini ya bati. Kinga ya mtoto wa mbwa ni ya maana zote mbili: humzuilia maradhi kwa sababu kwanza aliipokea. Na mwenye ndoo hawezi kujisifu kwa mvua.

Tuiweke habari hii katika hesabu, maana mwalimu hawezi kuacha ubao. Kingamwili za mama hupungua nusu katika damu ya mtoto kila baada ya siku 10 hivi. Tuseme mtoto wa kwanza alipata sehemu 64. Baada ya siku 10 zimebaki 32, baada ya siku 20 zimebaki 16, na siku ya 60 imebaki sehemu 1. Ndugu yake aliyenyonya mara nne zaidi katika zile saa za mwanzo alianza na sehemu 256. Yeye atafikia sehemu 1 siku ya 80. Tofauti yao ni siku 20. Kirusi kikiingia bandani siku ya 63, mmoja atakuwa wazi na mwingine bado yumo chini ya mwavuli wa mama. Mmoja atakufa na mwingine atanyong'onyea kwa siku moja kisha ataendelea kutafuna kandambili. Barazani tutamwita komando.

Lakini zawadi hiyo ya mama ina upande wa pili, nao ni mgumu. Kingamwili zile zile zinazomlinda mtoto huizuia chanjo. Chanjo ya pavo kwa kawaida ni kirusi hai kilichodhoofishwa, ambacho huufundisha mwili bila kuuumiza. Kingamwili za mama hazijui kwamba huyu ni mwalimu aliyekuja kufundisha. Humwua mlangoni. Kinachotatanisha zaidi ni kwamba kuna kipindi, aghalabu cha wiki 2 au 3, ambapo kingamwili za mama zimepungua kiasi cha kutoweza tena kumzuia adui wa kweli, lakini bado zinatosha kumwua mwalimu. Katika kipindi hicho mtoto hana ulinzi wa kale, wala hawezi kupata mpya. Hakuna mfugaji anayeweza kukiona kipindi hicho kwa macho, na kila mtoto ana tarehe yake. Ndiyo sababu wataalamu huagiza chanjo ianze wiki ya 6 hadi ya 8, irudiwe kila baada ya wiki 2 hadi 4, mpaka mtoto apite wiki ya 16. Wanarudia kugonga mlango mpaka siku watakayoukuta umefunguliwa.

Hebu sasa tuorodheshe yaliyoamua nani afe na nani apone: kinga ya mama na kiasi alichokuwa nacho, nafasi ya mtoto kwenye chuchu siku ya kwanza, tarehe ambayo kirusi kiliingia, wingi wa virusi aliovimeza, minyoo, wiki ya kuachishwa ziwa, damu ya ukoo wake, kwa kuwa imeonekana kwamba mbwa wa aina ya Rottweiler na Doberman huathirika vibaya zaidi kuliko wengine, na kama palikuwa na mtu wa kumpeleka kwa daktari. Naitazama orodha hii juu hadi chini, sioni hata jambo moja ambalo mtoto wa mbwa alilifanya mwenyewe. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Aliyepona anaelea. Tusimsifu kwa kuelea, tuulize aliyeunda.

Najua pingamizi litakalotolewa. Msomaji atasema, "Mwalimu, umetaja mbwa kwa makusudi, maana mbwa hana juhudi. Binadamu anayo. Ukiwaambia watu kwamba kila kitu ni kupokea, nani atajitahidi?" Pingamizi hili ni la haki, nami nitalijibu kwa vipande viwili.

Kipande cha kwanza kiko katika orodha ile ile. Jambo la mwisho ndani yake, yaani kuwepo kwa mtu wa kumpeleka mgonjwa kwa daktari, ni la tofauti na mengine. Mengine yalitokea, hilo lilitendwa. Na lina uzito mkubwa. Pavo isipotibiwa huua wengi mno wa wanaougua sana. Ikitibiwa ipasavyo hospitalini, zaidi ya asilimia 80 huweza kupona. Wala tiba yenyewe si ya ajabu. Ni maji ya dripu kurudisha yaliyopotea, dawa za kuzuia kutapika, viuavijasumu kwa ajili ya bakteria waliovuka utumbo, joto, usafi, na chakula. Kwa miaka mingi ilikuwa desturi kumnyima mgonjwa chakula mpaka kutapika kukome. Mwaka 2003 yalitolewa matokeo ya jaribio, nalo la Onderstepoort, la watoto wa mbwa 30. Nusu yao walilishwa kwa mrija wa puani tangu saa ya 12 baada ya kupokewa, ingawa bado walikuwa wakitapika. Hao waliolishwa mapema dalili zao zilitulia siku moja hivi kabla ya wenzao, na uzito wao ukapanda. Kisha mwezi Mei 2023 Marekani iliidhinisha, kwa masharti, dawa ya kingamwili zilizotengenezwa maabara, ambazo mgonjwa hupewa kwa mshipa. Hiyo ni dang'a ya pili, kwa yule ambaye mlango wake wa kwanza ulikwisha kufungwa.

Basi sifa ipo, na ina mwenyewe. Ni ya jike lililolala ubavu siku nzima likinyonyesha, kama mbwa anaweza kusifiwa. Ni ya mfugaji anayerudi na mtoto wake mara ya tatu kwa ajili ya chanjo hali mara ya kwanza na ya pili hakuona faida yoyote. Ni ya kijana wa mifugo anayekesha akibadilisha chupa za dripu na kufuta matapishi. Na lawama, pale inapostahili, ifuate njia hiyo hiyo: iwaendee wenye mikono na maarifa ambao hawakuvitumia, wala isimwendee mgonjwa.

Kipande cha pili kinamhusu binadamu mwenyewe, nacho kina uchungu. Nilifundisha mkoani Kagera katika miaka ya 1980. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983. Nilihudhuria mazishi mengi kuliko nilivyoweza kuyahesabu, ya walimu wenzangu na ya wazazi wa wanafunzi. Na kila baada ya mazishi, njiani kurudi, palikuwa na wale waliosema, "Kajitakia." Walisema hivyo juu ya mke aliyeolewa akiwa na miaka 17 na hakumjua mwanamume mwingine. Walisema hivyo juu ya watoto wachanga kwa kunyamaza, maana hata kinywa cha mwumbeaji kilishindwa kutamka. Wasemaji walikuwa watu wa kawaida, tena wengi wao walikuwa na hofu. Nimefikiri sana juu ya hofu hiyo, nami naamini hapo ndipo shina la desturi ninayoichunguza. Tukikubali kwamba aliyekufa alikufa kwa sababu ya tarehe, kipimo na zawadi asiyoipata, basi nasi tumo hatarini. Tukisema alikufa kwa udhaifu wake, tunajipatia kinga ya bure. Sifa kwa aliyepona na lawama kwa aliyekufa ni hirizi zilizoshonwa kwa uzi mmoja. Wakati wa UVIKO-19, mwaka 2020 na 2021, nilizisikia tena.

Hata hivyo sikatai kwamba binadamu ana juhudi. Nimemwona mwanafunzi akisoma kwa koroboi hadi pua zikawa nyeusi kwa moshi, wakati jirani yake mwenye umeme amelala. Pana kitu katika tendo lile ambacho ni chake mwenyewe. Ni kiasi gani? Hakuna mizani ya kukipima, kwa kuwa hata uwezo wa kuvumilia moshi huenda aliurithi kwa bibi yake. Lakini tunaweza kuwa na utaratibu wa ulimi hata pasipo mizani. Mimi nimejiwekea huu. Mwenzangu akianguka, natazama kwanza hali alimokuwa, na tabia yake naiacha iwe ya mwisho. Mwenzangu akijitahidi, nasifu jitihada ninayoiona, iwe imezaa matunda au haikuzaa. Nami nikifanikiwa, nahesabu kwanza niliyoyapokea. Ukiutazama vizuri, msomaji, utaona kwamba wengi wetu huufuata utaratibu huu kinyumenyume.

Kiswahili, tukikisikiliza, kinatusaidia hata hapa. Tunasema mgonjwa amepona, au ameponywa. Ni nadra kusikia mtu akisema amejiponya, na likisemwa linakwaruza sikio. Waliotutangulia waliotengeneza lugha walijua kwamba kupona ni jambo linalomfika mtu, kama mvua na kama alfajiri.

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo, maana si haki kumwacha aliyepona mikono mitupu. Nikisema hana sifa, je, hana kitu? Anacho, nacho ni deni. Na hapa ugonjwa wa pavo una somo la mwisho. Mbwa aliyepona hubaki na kinga kwa miaka mingi, pengine maisha yake yote. Akiwa jike, siku atakayozaa ataimimina kinga hiyo katika dang'a yake, na watoto ambao hawakuwahi kukiona kirusi watalindwa na ugonjwa ambao mama yao aliuugua. Alichokipata kwa mateso wao watakipata kwa kunyonya. Na kwa kuwa atawapa kingi, mwenye mbwa itambidi awe na subira zaidi na chanjo, kwa sababu ulinzi huo mzito utachelewa kuondoka mlangoni. Hata kulipa deni kunataka akili ya anayesimamia.

Binadamu aliyepona naye yuko hivyo. Aliyeokoka ajali, aliyepita mtihani katika mwaka ambao wengi walirudishwa nyumbani, aliyetoka katika nyumba ambamo ndugu zake hawakutoka, mara nyingi huwaza moyoni: kwa nini mimi? Tukimjibu kwamba ni kwa sababu wewe ni shujaa, tunampa kilemba cha ukoka, na tunamfunga mdomo asiwaomboleze wenzake kwa ukweli, kwani kila chozi lake litakuwa kama majivuno. Tukimjibu kwamba ulipokea, basi swali lake linageuka kuwa kazi. Aliyepokea anaweza kutoa.

Na mtoto yeyote atakayeuliza kama waliokufa hawakutaka kupona, ajibiwe bila kuzungushwa. Walitaka. Miili yao ilifanya yote iliyojaliwa kuyafanya, na baadhi yao ilijitahidi kuliko ya waliobaki. Kilichopungua kilipungua nje yao, siku nyingi kabla, na kwa sehemu fulani kilikuwa mikononi mwa wakubwa. Mtoto akiyajua hayo hatawadharau wafu. Akikua, huenda akawa miongoni mwa wale wanaorudi na chanjo mara ya tatu.